Mkate wa Misa Moja

Baba yangu alikuwa mpishi wa mapadri. Nikisema hivyo hapa Buffalo watu hudhani alikuwa anasonga ugali kwa ajili ya wageni wa parokia, nami huwarekebisha palepale, maana kwa jambo hili sina subira. Ugali ulikuwa na mtu wake. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mtu wa vitamu vya Kizungu: krem karameli inayotikisika kwenye sahani kabla hujaigusa, gofre zilizookwa kwenye chuma chenye mikono mirefu, biskuti nyembamba za mdalasini ambazo Wabelgiji huziita spekulosi, na Noeli ikifika, kunyu. Kunyu ni mkate mtamu wa maziwa, mayai na siagi, unaofinyangwa mfano wa mtoto mchanga aliyeviringishwa nguo: kichwa kidogo huku, miguu kule, tumbo limetuna katikati. Nimekula keki nyingi tangu nije Marekani, nyingine zimepambwa kushinda bibi harusi, na bado sijaona ya kuufikia mkate ule.

Alifundishwa na furere mmoja wa Kibelgiji, bruda aliyesimamia jiko kwenye misheni yetu katika milima ya Kivu Kusini. Furere hakutaka saa jikoni. Alisema saa humfanya mpishi aangalie ukuta badala ya kuangalia chungu. Kwa hiyo kila kitu kilipimwa kwa sala. Gofre ilikaa Baba Yetu moja upande huu na nyingine upande wa pili. Karameli iliiva rozari nzima, ndani ya beseni la maji ya moto. Na donge la kunyu lililala misa moja: ulilifunika kwa kitambaa kengele ilipolia, ukaenda kusali, ukarudi ukalikuta limeumuka, ukalifinyanga na kulitia motoni. Papa aliyashika hayo yote kama katekisimu. Furere alipozeeka na kurudishwa kwao, alimshika mkono akamwambia asiiache kazi ile ikafa. Papa alitusimulia maneno hayo mara nyingi.

Nyumbani kwetu hatukuwa na tanuru la matofali kama la mapadri. Papa alitumia sufuria kubwa, makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko, ili mkate upate moto wa pande zote mbili. Kazi yangu ilikuwa kupaka sufuria mafuta, kisha kuyalinda makaa ya juu yasizimike. Nilikaa kwenye kigoda karibu mno, hadi nywele zangu zikanuka moshi mpaka mwaka mpya. Siagi ikianza kushika rangi mle ndani, harufu ilitoka ikavuka ua, na ghafla majirani wote wakawa na sababu ya kupita kwetu: huyu anatafuta kuku wake, yule anaazima chumvi. Mama alimtania Papa kwamba kijijini kote yeye peke yake ndiye mwanaume anayezaa kila Noeli, tena bila uchungu. Kaka yangu alidai kichwa cha mkate kwa kuwa ndiye mkubwa. Mimi nilipewa miguu, na sikulalamika, kwa sababu miguu ilikuwa na ganda gumu tamu la sukari iliyoungua kidogo.

Ila kukanda sikuruhusiwa. Jiko la mapadri lilikuwa jiko la wanaume, na Papa aliihamishia sheria ile nyumbani bila kuifikiria mara mbili. Nikinyoosha mkono kwenye donge, alinipiga kofi dogo la vidole.

"Mama, acha. Hii ni kazi ya wanaume."

Aliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Kaka yangu, ambaye angekaribishwa, hakutaka. Yeye kazi yake ilikuwa kula. Hilo liliniuma, na nalisema wazi kwamba bado linaniuma kidogo.

Vita vilitukimbiza hadi Burundi. Mama alifia kambini, na miaka yote ile ya kambi Papa hakuoka kitu, hata tulipopata unga. Tulipofikishwa Louisville, Marekani, tukapewa nyumba ya ghorofa upande wa Okolona, kitu cha kwanza alichokifungua hakikuwa friji wala bomba. Alifungua mlango wa oveni. Akaufunga, akaufungua tena, akainama kutazama taa ndogo iliyowaka mle ndani.

"Furu iko na taa," akasema. "Donc wanaangaliaka mukate bila kufungua."

Nilimwona akicheka peke yake, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu milimani. Siku ile nilifikiri kwamba labda mambo yangekuwa sawa.

Kazi aliyoipata ilikuwa ghalani, kama karibu kila mtu wa kwetu kule: mabokisi, mikanda inayotembea, mabokisi tena. Alirudi jioni amekunja viganja vyake kana kwamba bado amebeba kitu. Lakini Jumapili ilikuwa yake. Jumapili ya kwanza alitengeneza karameli, akasali rozari yake amesimama mbele ya oveni, na karameli ikatoka laini, ikatikisika vilevile. Baadaye alinunua mashine ya gofre kwenye duka la mitumba, akaitukana kwa kuwa na waya, na gofre zikatoka nzuri. Alivaa taulo kiunoni, akatuamrisha kama vile sisi ndio mapadri na tumechelewa mezani. Mtu yule wa ghalani aliyeitwa kwa namba ya beji alipotea kabisa siku hizo.

Kisha ikaja Noeli yetu ya kwanza, na kunyu ikakataa.

Alikanda asubuhi, akafunika, tukaenda kusali kwenye kanisa lililokuwa karibu. Tuliporudi, donge lilikuwa limelala tuli, dogo vilevile kama alivyoliacha. Alilifinyanga kuwa mtoto, akalitia kwenye oveni. Kilichotoka kilikuwa mtoto wa jiwe. Kisu kiliingia kwa shida, na ndani mlikuwa na unyevunyevu kama ugali ambao haujaiva.

"Papa, hii tumupelekee fundi wa kujenga," kaka akasema.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Papa hakucheka. Alikula kipande chake chote, polepole, na sisi tukala vyetu kwa heshima yake, tukisukumia na chai.

Lawama ya kwanza iliangukia unga. "Unga yao ni nyeupe sana. Kitu nyeupe vile haiko na nguvu." Pasaka alijaribu tena kwa unga mwingine, jiwe jingine. Lawama ikahamia kwenye maziwa. "Ng'ombe ya huku haijaonaka hata majani." Kisha hamira, kisha siagi, kisha maji ya bomba yenye harufu ya dawa. Kila sikukuu alibadilisha kitu kimoja, na kila sikukuu donge lililala palepale. Mara moja nilithubutu kumwambia tungoje kidogo labda litapanda, naye akaniangalia kama mtu aliyesikia tusi.

"Misa imeisha," alisema. "Kunyu inalalaka misa moja. Ukiongezea, inachacha. Furere alisema."

Na mimi nilikubali, kwa sababu kwetu jambo hilo lilikuwa wazi kuliko saa ya ukutani. Misa ni misa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri zaidi ya hapo.

Miaka ikapita namna hiyo. Mabokisi yalimvimbisha Papa viungo vya mikono, na lawama, baada ya kuzunguka jiko zima, ikarudi kukaa juu yake mwenyewe. Siku moja ya Noeli hakukanda tena. Nilimkuta ameketi mezani, viganja juu ya meza, anavitazama.

"Mikono yangu ilibakia kule," aliniambia. "Mi naona nitaifuata."

Nilidhani ni maneno ya uchovu. Nikaolewa, nikahamia Buffalo, ambako mume wangu alikuwa na ndugu, na ambako nyumba za zamani za mtaa wa Black Rock zilikuwa bado zinanunulika. Nikapata kazi ya kuwahudumia wazee, nikazaa binti. Kaka naye alipata kazi nzuri zaidi katika ghala moja la Columbus, akahama na Papa, ambaye wakati huo alikuwa ameacha kazi. Walipanga nyumba Clintonville, mtaa wenye miti mikubwa na watu wanaotembeza mbwa waliovishwa sweta. Papa hakuwa na kazi ya kufanya kule zaidi ya kukaa barazani na kusalimia mbwa.

Karibu na nyumba yao kulikuwa na duka la mikate. Kaka, ambaye si mbaya, ana ulimi tu, alinunua siku moja mkate mtamu wa Kifaransa, wa manjano, unaong'aa juu, akauleta akidhani atamfurahisha mzee. Alinisimulia baadaye kwa simu. Papa aliuchukua, akaugeuza, akaunusa chini, akaumega na kutazama matundu yake mbele ya dirisha. Kisha akala.

"Huyu iko fundi," akasema. "Alilaza mukate yake muzuri."

Kaka alifikiri ni sifa, akafurahi. Mimi niliposikia, moyo ulinishuka. Maana unga ulikuwa uleule wa Marekani, maziwa yaleyale, na siagi ileile. Papa alikuwa ameondolewa kisingizio chake cha mwisho. Haikupita muda kaka akanipigia tena.

"Dada, Papa anaomba tiketi."

"Ya kwenda wapi?"

"Ku kijiji. Anasema Noeli ikipita anarudia."

"Anacheza."

"Hachezi. Anasema huku haiko na maana. Eti mutu asiye na mikono afanye nini mu Amerika? Sema naye weye, mi ananikatalia."

Nilikaa kwenye ngazi za nyumba yangu na simu mkononi, nikaogopa kweli. Kule anakotaka kurudi, ndugu zetu waliobaki wanalala na viatu miguuni ili wakiamshwa na risasi wawe tayari. Watoto wa jirani zetu wa zamani wametawanyika. Mtu mzima hawezi kuacha kitanda chenye joto na dawa za presha akaenda huko kwa sababu ya mkate. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, lakini nilimjua baba yangu, na nilijua kwamba kwake halikuwa jambo la mkate tu.

Nikampigia. Mimi ni mtu wa kugombana, kwa hiyo nilijizuia nisianze na ugomvi.

"Papa, kuya kwangu Noeli. Utatengeneza kunyu mu nyumba yangu. Ikikataa, sitakuzuia, mi mwenyewe nitakusaidia na tiketi. Lakini ikikubali, unakaa."

Nilisikia kiti kikivutwa upande wa pili.

"Bon," akasema. "Tutaona."

Niliichukua hiyo kuwa ndiyo. Nikamwambia mume wangu tumeshinda, akanikumbusha kwamba hakuna mtu aliyeumua donge lile tangu tutoke Afrika. Nikamwambia aende akasafishe theluji nje.

Walifika siku moja kabla ya Noeli, kaka akiwa amechoka kwa barabara na Papa amevaa makoti mawili. Nyumba yetu iko karibu na mto na viwanda vya zamani, na upepo unaotoka huko hauna adabu. Hupita kwenye madirisha hata ukiyaziba. Papa alikagua jiko langu akiwa bado na kofia. Alifungua oveni, akaifunga. Alishika unga wangu, akauacha. Hakutukana kitu chochote, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko matusi.

Asubuhi ya Noeli aliamka kabla yetu sote. Nilipoingia jikoni alikuwa amekwisha kupima kila kitu: unga kwenye beseni, shimo katikati, maziwa ya uvuguvugu, mayai, siagi iliyokatwakatwa imepangwa kwenye kisahani, zabibu kavu zimelowekwa. Alikuwa amesimama mbele ya beseni na mikono yake imening'inia. Viungo vilikuwa vimevimba, vidole havikunjiki. Baridi ya usiku ilikuwa imemfunga mikono kabisa.

Hakunitazama aliposema.

"Njoo, Mama. Kanda."

Nilinawa hadi kwenye viwiko kama daktari. Binti yangu aliingia, akauliza kwa Kiingereza tunafanya nini, nikamwambia atoke. Sikutaka mtu yeyote anione uso. Maisha yangu yote nilikuwa nimelitazama donge lile kutoka kwenye kigoda, na sasa vidole vyangu vilikuwa ndani yake, vimenata hadi kwenye pete.

"Usipigane nayo," Papa akasema. "Isukume. Ikunje. Igeuze. Isukume tena."

Lilinata kila mahali. Nilinyoosha mkono kuongeza unga, naye akaunyakua mfuko akauweka nyuma ya mgongo wake.

"Unga haiongezwake. Vumilia."

"Inashika yote ku mikono, Papa."

"Ile ni woga yako inashika. Endelea."

Nikaendelea. Alinipa siagi kipande kwa kipande, akingoja kila kimoja kipotee kabla ya kunipa kingine. Aliinama akasikiliza donge likipigwa kwenye beseni, mlio wake ukabadilika kutoka mlio wa tope hadi mlio wa kofi kwenye paja. Mabega yaliniwaka. Nikamwambia sasa naelewa kwa nini ilikuwa kazi ya wanaume, akacheka, akasema hapana, wanaume walikuwa wanapumzika zaidi. Kisha, ghafla, donge likaniachia. Lilitoka mikononi mwangu safi, laini, la manjano, likakaa kwenye beseni lenyewe.

"Voilà," Papa akasema taratibu. "Imekubali."

Nililia kidogo nikasingizia vitunguu, ingawa jikoni hakukuwa na kitunguu hata kimoja. Tukalifunika kwa kitambaa, tukaliweka karibu na tundu la hewa ya moto sakafuni, tukavaa makoti tukaenda kusali.

Louisville tulikuwa tunasali kwa Kiingereza. Padri wa kule alikuwa mtu mwema, lakini alisali kama mtu aliyeacha gari linanguruma nje. Kabla hujapasha benchi joto, ameshasema nendeni na amani, na maegesho yamebaki matupu. Columbus ilikuwa hivyohivyo. Buffalo sisi tuna misa ya Kiswahili, na ile ilikuwa mara ya kwanza kwa Papa kuwa nasi siku ya Noeli.

Sijui nianzie wapi. Kwaya ya Wakongomani iliingia ikicheza, na kwaya ya Warundi haikukubali kushindwa, ikaingia nayo upya kana kwamba ya kwanza haikutosha. Padri, Mtanzania mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, alihubiri, akamaliza, akakumbuka jambo jingine. Watoto wengi walibatizwa, kila mmoja na ukoo mzima mbele. Matoleo yalipelekwa kwa ngoma: mchele, mafuta, katoni za juisi, blanketi, hata ndizi za duka zilizobebwa kichwani. Kisha matangazo. Kisha kila jumuiya ikasimamishwa ipigiwe makofi. Mume wangu alianza kutazama simu yake. Binti yangu alilala begani kwangu. Nami nilikuwa nawaza donge tu: linachacha, linamwagika, limekufa. Nikanyanyuka nusu nitoke, nikamwacha mtoto kwa baba yake.

Papa alinishika mkono.

"Kaa. Misa haijaisha."

Nikakaa. Nikamtazama, na nikaona alikuwa anaimba. Anaimba sauti ya nne, ya chini, maneno yote, macho yamefumbwa. Tangu Mama afe sikuwa nimemsikia akiimba. Hasira yangu ya mkate ikaniondoka kwa dakika chache, nikaimba nami.

Tulipotoka magari yalikuwa yamezikwa na theluji, tukachelewa zaidi kuyafukua. Papa aliingia jikoni na viatu vyake, jambo ambalo siruhusu. Donge lilikuwa limeinua kitambaa. Lilikuwa limejaa beseni hadi ukingoni, mviringo, limetulia, kama tumbo la mwanamke aliye karibu kujifungua. Papa alilichoma kwa kidole kimoja kilichovimba. Shimo lilibaki, kisha likarudi polepole.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilisimama na koti langu, theluji inanitiririka shingoni, nikaanza kucheka.

"Papa, ni misa."

"Misa nini?"

"Misa ya Louisville ilikuwa fupi! Kule kwetu tuliingia na umande, tukatoka jua liko utosini. Huku wanasali, wanaenda. Donge haikupata muda ya kulala. Haikuwa unga, Papa. Haikuwa mikono."

Alinitazama. Akalitazama donge. Nikaona wazo linamfikia kutoka mbali, linapita kwenye unga aliokuwa ameutukana, linapita kwenye ng'ombe na hamira na maji ya bomba. Kisha akacheka. Alicheka hadi akashika ukingo wa sinki, hadi kaka akaja kuuliza kuna nini, hadi kikohozi kikamkamata nikampa maji.

"Furere," akasema akijifuta macho, "furere hakuniambia misa ya nani!"

Nililifinyanga mwenyewe, yeye akinielekeza kwa kidevu: kichwa, miguu, tumbo. Nikalipaka yai. Tukalitazama kupitia kioo, sisi wawili tumeinama, linapanda na kushika rangi chini ya ile taa ndogo. Harufu ilitoka ikajaa nyumba nzima. Kaka yangu mwenye ulimi alikuja akasimama mlangoni, akawa mtoto tena usoni. Tulipolikata lilikuwa na nyuzi ndefu laini, na mvuke ukapanda. Binti yangu alikula, akasema kwa Kiingereza kwamba ni tamu mno, kisha akaomba kipande kingine kwa Kiswahili, kwa sababu alijua babu angempa upesi. Niliona furaha ambayo sikuwa nimeiona mezani kwetu tangu tukiwa watano, Mama akiwemo, tukimhesabu na furere aliyekuja siku moja kula.

"Bon," kaka akasema, mdomo umejaa. "Ile mambo ya tiketi tunaitupa."

Papa alifuta midomo yake. Alikuwa mtulivu, mtulivu wa mtu aliyemaliza kazi.

"Hapana," akasema. "Ni sasa ninaweza kurudia."

Nilidhani anatania. Nikamwambia tulikubaliana, kwamba ikikubali anakaa.

"Nilisema tutaona. Tumeona." Aliuvuta mkono wangu, ule uliokuwa na unga bado kwenye kucha, akauweka juu ya meza mbele yake. "Mama, weye unafikiri nilikaa miaka hii yote huku juu ya nini? Nilikuwa nimeisha choka zamani. Lakini nilisema, nikifia njiani, kazi ya furere inakufa na mi, kule hakuna mutu anaijua na huku hakuna. Nikajaribu, nikajaribu, juste niache mutu mumoja. Kaka yako hataki. Nikasema basi, niende nitafute kule. Sasa huku iko weye. Leo si mi nilikanda. Ulikanda weye, na ikapanda. Donc niko huru."

"Na mimi?" nikamwuliza. Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. "Nitakaa na mukate, na weye hauko?"

Alisema kwamba kule kuna watoto wa parokia ambao hawajawahi kuonja kunyu, na kaburi la baba yake ambalo halijapaliliwa. Nilimwambia kuhusu risasi, kuhusu dawa zake, kuhusu uzee. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza yote, akanipa kipande cha mguu wa mkate, na kwa mara ya kwanza maishani nilishindwa kukimaliza.

Aliondoka theluji ilipoyeyuka. Kaka alimsindikiza hadi uwanja wa ndege. Mimi nilisema nina zamu kazini, na kweli nilikuwa nayo, niliiomba. Sasa anaishi karibu na misheni. Simu ikishika ananiambia anawafundisha wanawake wa parokia, wanawake, eti, na mimi kabla ya kumjibu husikiliza kwanza kilicho nyuma ya sauti yake, kama ni kuku au ni kitu kingine. Kila Noeli naoka. Unapanda, unashika rangi, watu wa jumuiya wanakuja nyumbani kwangu kwa visingizio, wananisifu hadi naona haya. Naitikia asante. Wao hawajui kwamba ningejua mwisho wake asubuhi ile, mkate ule ningeuacha uungue.